Maswali ya Wasomaji: Galaksi za Kwanza Ndani ya Laptopu

SWALI: Nasoma fizikia na nina laptopu yenye RAM ya GB 16. Nasikia kompyuta hutabiri galaksi za kwanza kabla darubini hazijaziona. Je, naweza kujaribu mwenyewe? *Mwanafunzi, Mbarara*

JIBU: Unaweza, ila kwa mifupa tu, yaani maada ya giza. Ndiyo takriban asilimia 84 ya maada yote, na kwa kuwa inafuata graviti peke yake, hesabu zake ni nyepesi kuliko za gesi.

Pakua Gadget-4, programu ya kuiga ukuaji wa ulimwengu kwa graviti; ni ya bure na hutengeneza yenyewe hali ya mwanzo. Weka vipimo vya setilaiti ya Planck vya 2018: maada 0.315 (sehemu yake katika ulimwengu wote), h 0.674 (kasi ya upanukaji wa ulimwengu), sigma-8 0.81 (kiasi ambacho maada imejikusanya). Sanduku, yaani kipande cha ulimwengu unachokiiga, liwe la megaparseki 10 kila upande (miaka ya nuru milioni 33 hivi), lakini andika 6.74, maana Gadget, ukichagua megaparseki kuwa kipimo, huhesabu urefu kwa megaparseki zilizogawanywa kwa h (10 × 0.674). Wengi hukwama hapo. Chembe za maada 256 kila upande hufanya milioni 16.8, ukipanda hadi 512 zinafika milioni 134 na RAM itazidiwa. Anza ulimwengu ukiwa mdogo mara 100 kuliko leo, maliza ukiwa mdogo mara 15, una umri wa miaka milioni 300 hivi. Ukichelewa kuanza, halo kubwa (mafungu ya maada ya giza ambamo galaksi huzaliwa) zitapungua, nazo ndizo unazozitafuta. Mpangilio wa CpuTimeBetRestartFile, yaani sekunde kati ya hifadhi moja na nyingine, uwe 1800, ili umeme ukikatika upoteze nusu saa tu.

Kila chembe itakuwa na uzito wa Jua milioni 2.4. Halo yenye chembe chini ya 100 usiiamini. Shida kubwa ni kwamba galaksi angavu hukaa ndani ya halo adimu, na sanduku hili huenda lisiwe na hata moja. Ukilifanya la megaparseki 50, chembe inakuwa nzito mara 125 na halo ndogo zinapotea. Ndiyo maana wataalamu huendesha masanduku ya ukubwa tofauti.

Kupata nyota, zidisha uzito wa halo kwa 0.16 (sehemu ya maada ya kawaida), kisha kwa asilimia chache ya gesi inayogeuka nyota, tuseme 5. Hiyo 5 ni ya kukisia. Kuhusu kuiona galaksi: haidrojeni humeza mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6; ulimwengu ukipanuka na kuvuta mawimbi hayo mara 15, mpaka huo unafika mikromita 1.82. Kwa hiyo galaksi haionekani kwenye kichujio cha darubini ya anga ya Webb cha mikromita 1.5, ila kwenye 2.77 ipo.

SWALI: Webb imeona galaksi angavu nyingi kuliko zilivyotabiriwa. Mlipuko Mkuu umekanushwa? *Msomaji, Jinja*

JIBU: La. Baadhi zilikuwa za uongo: CEERS-93316 ilidhaniwa ya miaka milioni 240 baada ya mlipuko, spektra (mwanga wake uliotawanywa kwa rangi) ya 2023 ikaonyesha bilioni 1.2. JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa 2024, ni ya kweli, miaka milioni 290 hivi. Mshukiwa wa kwanza wa tofauti na utabiri ni ile asilimia 5; kisha vumbi, na nyota kuzaliwa kwa vishindo.