Waifai haifiki chumba cha nyuma

Yaya, umesema ruta iko saloni na chumba cha nyuma hakipati kitu. Kwa nyumba za mawe ya volkano kama zetu hapa Goma, si ajabu. Kwanza itoe nyuma ya televisheni, iweke juu, kwenye koridoo. Simu ishike mawimbi ya 2.4 GHz, yale ya 5 GHz yana mbio lakini ukuta mnene unayamaliza. Ripita, kile kifaa cha kudaka Waifai na kuirusha tena? Ukiichomeka kulekule mtandao unakofifia, itarudia udhaifu uleule. Mimi nilipitisha kebo ya mtandao ukutani (inafika hadi mita 100), nikaunga ruta ya zamani chumbani, DHCP yake (kazi ya kugawia simu anwani za mtandao) nimezima, ruta kubwa ndiyo inagawa. Tundu moja tu, ila fundi alitoka jasho na lile jiwe!