Bangi ya Canada: kuvuta ni sawa, usukani apana

Tangu juzi munaniuliza mu gurupu ya jamaa kama ni kweli uku Canada batu banavuta bangi mu barabara na polisi anapita tu. Kuna fasi zenye ni kweli, inategemea jimbo na muji. Tangu 17/10/2018 sheria inamuacha mutu mukubwa atembee na gramu 30, na apa mu jimbo la Québec serikali yenyewe iko na maduka ya kuuzisha, ukiwa na myaka 21 unaonyesha kitambulisho, unanunua, unatoka. Lakini mudogo wetu wa Majengo, kule kwetu, akaandika ati "nikifika ntavuta, ntashika gari, nani ataniuliza". Ile neno imeninyima usingizi, juu yeye njo anangojea viza.

Mudogo wangu, sikia. Uku banapima damu. THC, ile kitu ya mu bangi yenye kulewesha, ikipatikana nanogramu 2 (kipimo kidogo sana) mu mililita moja ya damu, uko mu makosa. Ikifika 5, amandi (faini) ya mara ya kwanza haishuke chini ya dola 1000, mara ya pili gereza kuanzia siku 30, ya tatu kuanzia siku 120. Ukichanganya na pombe ile 5 inashuka inakuwa 2,5. Na usiseme ulivuta jana, mwenye kuvuta kila siku inabakia mu damu hata kichwa kimeshatulia.

Nimeona na macho yangu. Wakati wa baridi, saa nane za usiku, tumetoka kazi, mwenzangu moja wa kwetu anaendesha, mimi pembeni. Polisi akatusimamisha juu taa ya nyuma ilikuwa imekufa, akainama ku dirisha, akasikia harufu. Akamushusha mu theluji, akamupitishia kalamu mbele ya macho, kisha akamutembeza hatua 9, kisigino kinagusa vidole, ageuke, arudie, asimame na muguu moja. Ku hatua ya tano akayumba akashika mulango wa gari. Hakuna kelele, hakuna "tusikilizane, mukubwa". Afazali hakukataa kupimwa, juu kukataa nako ni kosa, amandi inaanzia dola 2000.

Sasa amandi mutu analipa, perimi, ile ruhusa ya kuendesha, hata bakikunyanganya siku moja inarudi. Mimi ninaogopa makaratasi ya kuishi uku. Tangu 18/12/2018 kuendesha umelewa, bangi ao pombe, ni kosa lenye linaweza kufika myaka 10 ya gereza, na sheria ya uhamiaji inaangalia ile 10, haiangalie kama jaji alikupa amandi tu. Mutu wa makaratasi ya kudumu, mwenye hajapata uraia, anaweza kuyapoteza na kurudishwa. Mwenzangu iko na batoto batatu bamezaliwa apa, na kila akifungua sanduku la barua, akiogopa barua ya uhamiaji, mikono inamutetemeka.

Ukifika nitakuja mwenyewe kukukamata ku uwanja wa ndege. Kuvuta siwezi kukufunga mikono, lakini ile siku utavuta, funguo ya gari utaniachia ku meza, upande metro.