Nilikwenda kwa Isis, Aswan, baada ya kutoka eda

Dada, umeuliza kama inafaa kwenda Misri kwenye hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale, kwa ajili ya roho na si kwa utalii, na kama utakuta chochote zaidi ya mawe. Naona nusu ya waliokujibu wamekutishia shirki, nusu wamekutafutia wakala wa safari. Mimi nilikwenda, ngoja nikueleze.

Nilikuwa nimetoka eda miezi michache tu. Mdogo wangu anasoma Al-Azhar, akaniita Cairo nikapumzike. Kupumzika kwenyewe sikuweza, kila mgeni akija anaanza upya na pole. Siku moja nikasoma habari za Isis: mumewe Osiris aliuawa na nduguye Seth, mwili ukakatwa vipande na kutapanywa nchi nzima, naye akazunguka kuvitafuta kimoja kimoja mpaka akamkusanya. Nikasema huyu mwanamke namjua. Tukapanda treni ya usiku kwenda Aswan.

Kutoka mjini unachukua teksi hadi gati la Shellal. Patana kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Tiketi ya kuingilia ni kitu kimoja, boti ni kingine, na boti mnapatana bei nzima, kwa hiyo tafuta watu mchangiane. Sisi hatukujua, tukalipa boti nzima watu wawili. Na nenda asubuhi mapema, jua la Aswan halina utani.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kisiwa utakachoshukia siyo Philae, kile cha asili hekalu lilipojengwa. Kinaitwa Agilkia. Philae yenyewe ilianza kuzama baada ya bwawa la kwanza la Aswan la 1902, hekalu likawa linakaa majini sehemu kubwa ya mwaka, rangi karibu zote zikaoshwa. Lilipojengwa Bwawa Kuu la Aswan, Misri na UNESCO wakalibomoa jiwe kwa jiwe na kulisimamisha upya hapo jirani, likafunguliwa 1980. Nahodha wetu, Mnubi, alituonyesha vyuma vilivyochomoza majini, akasema pale ndipo penyewe. Mdogo wangu akacheka: "Dada, mungu wako kahamishwa kama watu wa Jangwani kule Dar walivyopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko." Nilinuna, lakini swali likanikaa. Jiwe unaweza kulihamisha. Hicho nilichokifuata mimi je, nacho kilipakiwa?

Nikaenda moja kwa moja chumba cha ndani kabisa. Kidogo, kina giza, katikati kiweko cha jiwe kilichokuwa kikibeba mtumbwi wenye sanamu yake. Mtumbwi haupo, sanamu haipo. Nilitegemea ningelia pale. Wapi! Watu foleni wanapiga selfi, na kundi la Wazungu waliovaa nyeupe wameshikana mikono wanavuma "om", neno la ibada za Kihindu ambalo Isis mwenyewe sidhani kama angelielewa. Nikatoka nimekasirika.

Kilichonipata kilikuwa nje. Upande wa magharibi wa hekalu lipo lango la mfalme wa Kirumi Hadrian, lililojengwa kuelekea kisiwa cha Biga. Wamisri waliamini Osiris amezikwa huko Biga, na mtu wa kawaida alikatazwa kukanyaga. Ila kila baada ya siku kumi sanamu ya Isis ilipakiwa mtumbwini, ikavushwa, maziwa yakamiminwa kwa ajili ya mumewe. Kila siku kumi, dada, karne nenda karne rudi! Mimi hata arobaini haijafika nilishaanza kuambiwa nijikaze, maisha yaendelee.

Nikakaa pale kama saa nzima. Kwenye lango hilohilo yamechongwa maandishi ya mwisho yanayojulikana ya hieroglifu, yale ya picha ya Wamisri wa kale, tarehe 24 Agosti 394, wakati mahekalu mengine yameshafungwa. Wanubi kutoka kusini waliendelea kuja hata baada ya hapo, na mahujaji walikuwa wakichonga alama za nyayo zao kwenye mawe, kwamba fulani alisimama hapa. Karne ya 6 mfalme wa Kirumi Justinian akalifunga hekalu, ukumbi ukageuzwa kanisa. Misalaba bado iko kwenye kuta, na sura nyingi za miungu zimetindwa kwa patasi.

Sikumwomba Isis kitu. Nilimsomea marehemu wangu Fatiha, nikiangalia majabali ya Biga ng'ambo. Mdogo wangu, ambaye njia nzima alikuwa na wasiwasi na mimi, alikuja akakaa, akainua mikono, akaitikia amina. Hakuuliza kitu mpaka tunarudi botini.

Kwa hiyo nenda. Beba maji na noti ndogondogo, maana walinzi watakuita "njoo uone huku" na wanategemea bakshishi. Hutaki, sema la, shukran, uendelee. Chumba cha ndani kipitie tu. Muda wako uuweke pale langoni.