Kaa na shaka lako humo humo kanisani

Ukisema mbele ya watu hapa Kampala kwamba imani yako inayumba, swali la kwanza ni nani kafa. Kama hakuna msiba, basi umefukuzwa kazi, au ndoa ina mgogoro, au kuna mtu amekuchezea. Walokole watakwambia ni pepo na watakutajia siku ya maombi ya kumtoa. Wakatoliki wenzako watakutazama kwa huruma, kisha watakushauri uongeze rozari. Kila mtu anatafuta chanzo, maana bila chanzo jambo lenyewe linatisha: likikupata wewe bila sababu, linaweza kunipata na mimi.

Mimi sikuwa na sababu. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nimekulia kambi ya polisi Nsambya, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Waacholi, Waiteso, Walugbara na Wasamia, na Jumapili tulipanda kilima pamoja kwenda Misa. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona. Septemba yakafunguliwa kwa masharti: waumini wasizidi 70, barakoa usoni, kunawa mikono mlangoni. Nikawahi, nikapata nafasi, nikaimba besi kama kawaida yangu. Padri alipoinua hostia nikatambua kwamba miezi yote ile sikuwa nimeikumbuka Misa. Nilikumbuka mshahara. Niliwakumbuka wanafunzi, na utani wa wanakwaya wakati wa mazoezi. Misa yenyewe, hapana. Papo hapo likaja swali ambalo sikulialika: huyu ninayemwambia "Bwana, utuhurumie" yupo kweli, au naimba tu kwa sababu najua kuimba?

Swali hilo limekaa nami miaka, na hadi leo halijaondoka lote. Siandiki kama mtu aliyevuka akawa anawapungia mkono walio ng'ambo. Naandika kwa sababu wapo wanaonifuata baada ya mazoezi, mmoja mmoja, wakinong'ona kama watu waliokuja kukopa, wakitaka kujua kama na mimi huwa inanitokea.

Kabla ya jambo lolote, lipe shaka lako jina lake halisi. Wengi wanaosema "sina imani tena" wana kitu kingine. Yupo mwenye hasira: mzazi wake alinyimwa heshima siku ya mazishi kwa sababu ya mchango wa parokia ambao haukulipwa. Hiyo ni hasira ya haki, na dawa yake ni kuifikisha kwa paroko, na akikataa kusikia, juu yake. Usiifanye kuwa hoja dhidi ya Mungu. Yupo mwingine aliyechoka tu. Nilipokwenda kuungama kwa padri mmoja mzee na kumwambia siamini vizuri, aliniuliza kwanza kama napata usingizi, kama nakula, kama kuna siku sitaki kuamka. Nilishangaa, nikidhani amenisikia vibaya. Alikuwa anapima kama ni sonona, na kama ingekuwa sonona angenipeleka kwa daktari. Usione aibu kwenda hospitali. Sala si kidonge, na padri mwenye akili anajua hivyo.

Aliporidhika kwamba akili yangu ni nzima, akaniambia, "Hilo la shaka usiniletee hapa kama dhambi. Dhambi ni lile ulilolitaja mwanzo, la kumfokea mkeo." Nikatoka nimepewa malipizi ya kumfokea mke wangu, na kwa ajili ya shaka sikupewa chochote. Baadaye nilikuta Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema karibu hivyo hivyo. Namba 2088 inatofautisha shaka la hiari, la mtu anayekataa kwa makusudi kushika kile Mungu alichofunua, na shaka lisilo la hiari, yaani kusitasita, kushindwa kujibu pingamizi, kuhangaishwa na giza la mambo ya imani. Kuna onyo pia, na silifichi: ukilifuga shaka makusudi, linaweza kukupofusha kiroho. Kuwa na swali ni jambo moja. Kulipikia na kulitandikia kitanda kila usiku ni jambo jingine, na mitandaoni wapo wengi sana wa kukusaidia kulitandikia.

Nina neno kuhusu Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda, kwa sababu nadhani hapo ndipo sisi wa Uganda tunapoumizana bila kujua. Kila tarehe 3 Juni tunawasifu mashahidi 22 Wakatoliki, waliouawa kwa ajili ya imani enzi za Kabaka (mfalme) Mwanga, kana kwamba walizaliwa wamekaza moyo. Mahubiri ni yale yale: wao walichomwa moto wakiimba, wewe unalegea kwa sababu ya nini? Anayesikiliza huku imani yake inatetemeka anaondoka na aibu, na mwaka unaofuata haendi.

Soma lakini habari zao kuanzia nyuma kidogo. Wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padri Lourdel, tunayemwita Mapeera, na Bruda Amans, walifika Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879. Novemba 1882, mambo yalipokuwa magumu katika ikulu ya Kabaka Mutesa, mapadri wakaondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, upande wa Mwanza. Walirudi Julai 1885, Mutesa akiwa amekwisha kufa na Mwanga ameshika kiti. Piga hesabu. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri, wala Misa, wala kitubio. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Kalemba walikuwa wamebatizwa mwaka ule ule wa 1882. Maji ya ubatizo hayajakauka kichwani, na waliowabatiza wamekwenda. Hawa, ambao baadaye wakawa miongoni mwa mashahidi wale 22, ndio waliobaki wakikusanya wenzao, wakisali na kufundisha. Mapadri waliporudi waliwakuta wameongezeka.

Mimi nilikaa miezi sita bila Misa nikakuta moyoni hamna kitu. Kwa hiyo kipindi kile kinanigusa kuliko hata moto wenyewe. Moto ni siku moja. Lakini kukaa mwaka, na wa pili, ukifundisha wengine kusali kwa Mungu ambaye wajumbe wake wamepanda mtumbwi na kuondoka! Kinachokumbukwa juu yao ni walichofanya. Walikusanyika. Walifundishana. Kama usiku fulani Kaggwa alijiuliza kwa nini anajisumbua, asubuhi alienda tena.

Na huyo Kalemba, kabla ya kuwa Mkatoliki alikuwa amepita katika Uislamu, kisha akajifunza kwa Waprotestanti. Alikuwa mtafutaji, mtu wa maswali. Mwaka 1886 alikatwa viungo pale Old Kampala akaachwa afe polepole. Ukipita Old Kampala ndani ya teksi, foleni ikiwa imesimama, mkumbuke. Wa aina yetu wanaye mtakatifu.

Nje ya hapa mifano ni mingi, nitaigusa tu. Mama Teresa wa Kolkata aliishi karibu miaka 50 katika giza, haoni dalili ya Mungu moyoni, na watu wengi walilijua hilo barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Alitangazwa mtakatifu 2016, barua hizo zikiwa zinajulikana dunia nzima. Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mfaransa, aliingia gizani Pasaka ya 1896 na hakutoka mpaka alipofariki Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Katika giza hilo aliandika Nasadiki, yaani kanuni ya imani, kwa damu yake akawa anatembea nayo. Kanisa halikuona haya kwa ajili ya watu hawa. Sisi ndio tunaoona haya.

Sasa ya kufanya. Punguza sala, usiiache. Nilipoona siwezi rozari nzima nilibaki na fungu moja, na siku ambazo hata hilo lilikuwa maneno matupu nilisoma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila kufarijiwa. Ni sala ya Biblia, na haikulazimishi kudanganya. Nyingine ni ya yule baba katika Injili ya Marko: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo inasemwa hata kwenye bodaboda.

Usifanye uamuzi mkubwa wakati huo. Ushauri huu ni wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola: wakati wa ukiwa wa roho usibadilishe ulichokiamua ulipokuwa na amani. Kama uliamua kwenda Misa kila Jumapili, nenda. Kama hukuwa na wazo la kuhamia kanisa lenye spika kubwa na gitaa, huu si wakati wa kulipata. Ukitaka kuhama, hama siku ambayo moyo umetulia, tuone kama bado utataka.

Halafu chagua wa kumwambia. Usianze na wale ambao kila wiki wana ushuhuda. Hawana mahali pa kuuweka mzigo wako. Mimi ilinitoka bila kupanga, jioni ya jumuiya ndogo ya Kikristo, nyuma ya nyumba moja kule kambini. Umeme ulikuwa umekatika, mtu akasoma Injili ya Kupaa Bwana kwa tochi ya simu, mwisho kabisa wa Matayo, wanafunzi wako mlimani, wanamwona Mfufuka, wanamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Mama mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tupe tafakari." Nikasema mimi ni mmoja wa hao baadhi. Sikusikia kitu ila birika la chai likichemka kwenye sigiri. Kisha mzee mmoja, askari mstaafu, akauliza, "Mwalimu, hao walioona shaka walishuka mlimani?"

"Hapana, mzee."

"Bwana alipowatuma wenzao, na wao aliwatuma?"

"Aliwatuma wote."

"Haya. Nani ana neno lingine?"

Basi. Tukaenda kwenye michango ya jirani aliyelazwa. Hakuna aliyeniwekea mikono kichwani, na wiki iliyofuata nikapangiwa kusoma somo kama zamu ilivyodai. Tulipotawanyika dada mmoja, muuguzi, akatembea nami hadi getini akaniambia ni mwaka wa pili anasoma Nasadiki huku moyo haupo. Siku hizi tunaulizana hali kila tukikutana, na "hali" kwetu ina maana hiyo.

Ninyi wazazi, na wasimamizi wa ubatizo, mnaweza kuletewa jambo hili mezani na kijana aliyerudi likizo kutoka chuo. Atasema haamini tena, pengine kwa kiburi kidogo, maana amejiandaa kwa vita. Usimtishie ada. Usimpeleke kwa watu wa kukemea. Usikimbilie kumjibu hoja ambazo hujazielewa. Mwulize ni lipi hasa linalomsumbua, kisha msikilize hadi mwisho hata kama chakula kinapoa. Kama ni la sayansi, mtafutie padri au mlei aliyesoma, wapo. Jumapili mwambie saa ngapi mnatoka nyumbani. Akisema haendi, nendeni, na mkirudi mwekeeni chakula pamoja na wengine.