Kisu kinaikosa alama mwendo ukiongezwa: kamera isubiri kwanza

Mkuu, umesema mashine yenu ya kufungashia inakata vizuri ikienda taratibu, ila mkiongeza mwendo kisu kinaikosa alama iliyochapwa kwenye filamu (plastiki ya kufungashia) kuonyesha pa kukata, na unauliza kama mng'oe sensa ya mwanga mfunge kamera. Nimekaa na mashine hizi muda mrefu. Msinunue kitu bado.

Kata vipande kadhaa kwa mwendo mkubwa, vipange mezani, upime kosa. Vyote vikiwa vimekosea kwa kiasi kilekile na upande uleule, mnapambana na ucheleweshaji. Piga hesabu: filamu ikienda mita 120 kwa dakika, ni mita 2 kila sekunde. Sensa inayochukua milisekunde 1 kujibu imeiacha filamu isogee milimita 2. Inayojibu kwa maikrosekunde 50 imeiacha isogee milimita 0.1 tu. Kosa la aina hii hukua kadiri mwendo unavyokua, na mashine nyingi zina sehemu ya kulifidia kwenye mipangilio.

Vikikosea ovyo, huku na kule, hapo ndipo pa kuchunguza mwanga. Sensa ya alama hupima mwanga uliorudi, basi. Alama nyekundu juu ya filamu nyeupe, ikimulikwa kwa taa nyekundu, hurudisha mwanga karibu sawa na weupe unaoizunguka, kwa hiyo sensa haioni kitu cha maana. Imulike kwa kijani, itasomeka kama nyeusi. Inaniuma kila nikiona sensa nzima inatupwa kwa sababu ya rangi ya taa! Kama filamu inang'aa, inamisha sensa nyuzi 10 hadi 15 ili mng'ao usirudi moja kwa moja kwenye lenzi. Ifungeni mahali filamu imelalia roli, si katikati ya roli mbili inakopepea. Lenzi ifutwe vumbi, halafu sensa ifundishwe upya alama na rangi ya nyuma yake.

Angalia pia waya wa sensa umeingia wapi. Ukipitia ingizo la kawaida la kidhibiti (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), ishara husubiri zamu ya kusomwa, na kusubiri huko hakulingani kila mara. Tumieni ingizo la kasi, lisilosubiri zamu hiyo.

Kamera ninaiheshimu sana kwenye bodi za saketi: inasoma alama mbili au zaidi, inajua bodi imesogea kiasi gani na imezunguka kwa nyuzi ngapi. Kisu chenu kinahitaji kujua jambo moja tu, alama imepita lini. Tuambie rangi ya alama, rangi ya taa ya sensa na mwendo wenu, tuendelee kutoka hapo.