Maswali ya Wasomaji: Maskini wa Parokia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba zamani katika vijiji vya Uingereza parokia ndiyo iliyowatunza maskini. Je, fedha hizo zilikuwa sadaka za kanisani?

JIBU: La, ndugu msomaji; ilikuwa kodi, na aliyekataa kuilipa aliweza kukamatiwa mali yake. Sheria ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia, yaani eneo la kanisa lililokuwa pia eneo la utawala, iwe na wasimamizi wa maskini, walioteuliwa kila mwaka na mahakimu kutoka miongoni mwa wenyeji, ili washirikiane na wazee wa kanisa kuwatoza waliokalia ardhi na nyumba. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, na wengi waliiona mzigo. Wajane na wazee walipewa posho ya kila juma, na wakati mwingine viatu, kuni, hata sanda. Watoto yatima walipelekwa kwa fundi au mkulima wajifunze kazi.

Ukarimu huo, hata hivyo, ulikuwa wa wenyeji. Kwa sheria ya mwaka 1662, mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kurudishwa kwao iwapo angelalamikiwa ndani ya siku 40, na wajawazito wasioolewa walifukuzwa upesi zaidi, kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa parokia alikozaliwa. Tangu mwaka 1697 aliyesaidiwa alitakiwa kuvaa begani herufi P (ya neno la Kiingereza "pauper", yaani maskini), jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa ni kumwaibisha mtu kwa njaa yake.

Sheria ya mwaka 1834 iliziunganisha parokia, na msaada ukaelekezwa zaidi kwenye nyumba za kazi, yaani majengo ambamo maskini walilazwa, wakalishwa na kufanyishwa kazi.