Komamanga, etrogi na kibanda cha biskuti

Dada, umeuliza watoto wa miaka 3 hadi 5 kwenye chekechea ya Kiyahudi huko Marekani hufanya nini kwa mikono msimu huu majani yanapopukutika. Kusugua kalamu za rangi juu ya majani makavu kupo, kama shule nyingine yoyote. Utamu uko kwenye sikukuu zenyewe. Rosh Hashana, mwaka mpya wao, wanachovya tufaha kwenye asali na kupasua komamanga wahesabu punje. Mapokeo yanasema zipo 613, idadi ya amri za Torati. Usitegemee wafike hata 40, zinaishia mdomoni!

Sukoti, sikukuu yao ya vibanda, ndiyo raha zaidi: wanajenga kibanda kidogo kwa biskuti na jibini laini, juu wanatandaza vijani, maana paa la kibanda halisi lazima liwe la mimea iliyokatwa. Halafu wape etrogi, tunda la jamii ya limau, wanuse, walinganishe na limau la kawaida. Ila liwe la kuchezea tu. Kile kichomozo cha nchani kikivunjika, tunda halifai tena kwa ibada.